Hati ya Jiko

Wasikilizaji wetu wa Uingereza, kadhia ya nyumba iliyoungua na kampuni ya bima iliyokataa kulipa fidia mmekwisha kuisikia juma zima, wala hapana haja ya kuikariri. Linalotushughulisha sisi ni swali moja tu, ambalo mkaguzi huliuliza asimamapo penye majivu: hati ya jiko iko wapi?

Tangu bei ya gesi ilipopanda mwaka 2022, wengi wetu, kwa kuikimbia baridi na kwa ile jadi ya wazee wetu ya kutegemea mikono yao wenyewe, tumenunua majiko ya chuma ya kuni, tukatoboa ukuta, tukaunga bomba la moshi, na kazi ilipokwisha tukawaita majirani waje kuota moto. Sheria ya England haimkatazi mtu kazi hiyo. Yamtaka aiarifu halmashauri kabla hajaianza, ili mkaguzi aje atazame dohani, tundu la kupitishia hewa, na sakafu ya mawe chini ya jiko, ambayo kwa baadhi ya majiko hutakiwa unene wa milimita 125, kisha itolewe hati. Ama ukimwajiri fundi aliyesajiliwa, mathalani na shirika la HETAS, yeye huithibitisha kazi yake mwenyewe. Njia zote mbili huishia penye hati.

Na bima? Sheria ya mwaka 2012 yamlazimu mnunuzi wa bima ayajibu kwa hadhari maswali ya kampuni. Aliyeghafilika fidia yake yaweza kupunguzwa. Aliyekusudia kudanganya, kampuni yaweza kuuvunja mkataba wote na kukataa kila dai. Jiko jipya ni badiliko la nyumba, na mikataba mingi yataka badiliko la namna hiyo liarifiwe. Lakini sharti hilo limeandikwa wapi? Limefichwa katikati ya kurasa chungu nzima, kwa herufi za kimo cha sisimizi, kwa Kiingereza cha mawakili, na hili tumelisema mara nyingi wala hatutachoka kulisema: mama wa watu, mzaliwa wa Pemba au Bukavu, husomewa mkataba wa nyumba yake na mtoto wa miaka kumi. Herufi zile ni dhulma. Hata hivyo mkaguzi hatauliza nani alikusomea. Atauliza hati iko wapi.

Tena fedha si kitu mbele ya roho. Bomba lililoungwa vibaya hurudisha chumbani kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, iuayo watu usingizini, na ndiyo sababu kanuni zataka king'ora chake kiwekwe chumba kile kile chenye jiko.

Basi, ndugu zetu mliolifunga jiko bila ya hati, msiwashe moto usiku huu! Iandikieni halmashauri kesho asubuhi, ombeni kazi ikaguliwe ingawa imekwisha kufanywa, iarifuni kampuni ya bima kwa maandishi, na jibu lake mlihifadhi. Nawe uliyejaliwa kukisoma Kiingereza, mpitie jirani yako mzee kabla ya Jumapili, uketi naye, umsomee mkataba wake neno kwa neno.