Unapouza Simu, Ondoa na Akaunti Yako

Juma hili nizungumzie jambo linalowagombanisha watu wa mjini, na mara nyingi wanaogombana wote wawili ni waaminifu. Ni biashara ya simu zilizokwisha kutumika.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, seremala, alinunua simu kwa mama mmoja mtumishi wa serikali kwa shilingi 250,000. Kabla ya kuiuza, mpwa wa yule mama aliifuta kwa kubonyeza vile vitufe vya pembeni. Jioni kijana alipoiwasha, simu ikadai akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Mama hapatikani. Kesho yake akaipeleka kwa fundi Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, na swali la kwanza likawa: "Dogo, hii simu umeitoa wapi?" Fedha imekwenda, na juu yake anatazamwa kama mwizi.

Kufuli hilo lina kazi yake. Apple waliliweka kwenye iPhone mwaka 2013, na Google wakafuata kwenye Android mwaka 2015. Shabaha ni kumnyima mwizi soko: hata akiifuta simu yote, simu haimsahau mwenye mali. Lakini simu haina macho, haiwezi kujua kama aliyeishika ameiba au amelipa.

Wengi wanadhani kufuta simu na kuondoa akaunti ni jambo moja. Sivyo. Kwenye Android, ingia kwenye mipangilio, uondoe akaunti ya Google kwanza, na kama ni Samsung au Xiaomi, uondoe pia akaunti ya kampuni hiyo kama uliifungua. Ndipo ufute kila kitu, ukianzia humo humo kwenye mipangilio. Kwenye iPhone, toka kwenye akaunti ya Apple. Itakuuliza nenosiri, ukiliweka kufuli linafunguka. Mwenye iPhone aliyekwisha kuiuza bado anaweza kuitoa kwenye akaunti yake kwa njia ya intaneti, hata akiwa Mwanza na simu iko Temeke.

Sasa, nenosiri lenyewe. Yule mama alipopatikana, siku ya tatu, hakuwa analijua. Akaunti alifunguliwa na kijana wa dukani siku aliponunua simu, kwa jina la kubuni, akaambiwa, "Tayari mama, piga tu." Tuko wengi wa namna hiyo mjini hapa. Ndiyo maana nasema, tafuta nenosiri lako leo, simu ikiwa bado mkononi na laini yako imo ndani, maana ujumbe wa kulibadilisha huenda ukaletwa humo humo.

Wapo wanaosema, si nimpe tu mnunuzi nenosiri langu amalize mwenyewe? Hili nalipinga kabisa. Nenosiri hilo linafungua barua zako na picha zako zilizohifadhiwa, na kupitia barua hizo mtu anaweza kubadilisha manenosiri yako mengine. Umeuza simu, hukuuza nyumba na funguo zake. Kama hukuondoa akaunti, panda daladala uende ukaliweke kwa mkono wako.

Nawe mnunuzi, usitoe fedha mpaka simu ifutwe mbele yako, iwashwe upya ikiwa kwenye intaneti, na ifike mwisho bila kumuulizia mtu mwingine. Ni dakika chache tu. Muuzaji akianza kusema ana haraka, mwache na haraka yake.

Halafu bonyeza *#06#, uandike namba ya IMEI itakayotokea kwenye karatasi ya mauzo, pamoja na tarehe, bei na majina ya wote wawili, mtie sahihi. Kila mmoja abaki na nakala, hata mkiwa ndugu.