Nje ya Mstari Mweupe

Somo: Kutoka 17:8–13

Asubuhi ya leo tungependa kuwaeleza habari za mtu mmoja wa kandanda. Msishangae. Mtume Paulo naye aliwaandikia Wakorintho habari za wapiga mbio na wapigana ngumi, ili wayafahamu mambo ya Mungu.

Mtu huyo ni Benni McCarthy. Alizaliwa mwaka 1977 mjini Cape Town, Afrika Kusini, akakulia mtaa wa Hanover Park, mahali penye umaskini na magenge. Mpira ulimtoa huko ukampeleka mbali. Mwaka 1998, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, aliifunga Namibia mabao manne katika mchezo mmoja. Mwaka 2004 alitwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya pamoja na klabu ya Porto ya Ureno. Njiani waliitoa Manchester United, na mabao yote mawili ya Porto katika mchezo wa kwanza yalikuwa yake. Taifa lake alilifungia mabao 31, na alipoacha kucheza hakuna Mwafrika Kusini aliyekuwa amefikia hesabu hiyo.

Lakini nguvu za mwili zina msimu wake, kama majani ya uwanda wetu huu wa Kitengela. Leo ni mabichi, ng'ombe washiba. Kiangazi kikishika, ni vumbi tupu. Mwaka 2010 Kombe la Dunia lilichezwa katika nchi yake mwenyewe, naye akaachwa nje ya timu. Klabuni West Ham, mjini London, hakufunga hata bao moja, na mwaka 2011 wakaachana naye. Alirudi nyumbani akachezea Orlando Pirates, akatwaa nao ubingwa wa ligi mwaka 2012, kisha mwaka 2013 akatundika daluga.

Ikambidi aanze kujifunza kazi nyingine, kazi ya kufundisha. Alianza kama msaidizi huko Ubelgiji. Akaiongoza Cape Town City, akapata kombe mwaka 2018. Mwaka uliofuata akafukuzwa. Akaichukua AmaZulu, ikamaliza ya pili katika ligi. Akaenda Manchester United, timu ile ile aliyoifunga, akawafundisha washambuliaji wake. Na mwezi Machi mwaka 2025 akafanywa mwalimu wa timu yetu ya taifa, Harambee Stars.

Wengi wenu mwakumbuka Agosti ya mwaka huo, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani yalipochezwa Kenya, Uganda na Tanzania. Jumapili tarehe 10, baada ya ibada, hapa Tuala kila penye televisheni palijaa watu. Tulicheza na Morocco. Kabla ya mapumziko kijana wetu mmoja alionyeshwa kadi nyekundu, tukabaki kumi. Hata hivyo tulishinda bao moja kwa bila, na hao Morocco ndio waliokuja kulitwaa kombe. Kisha ikaja Ijumaa tarehe 22. Tulitoka sare na Madagascar, bao moja kwa moja, ikaamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Tukashindwa, nne kwa tatu.

Wapenzi, tuitafakari jioni hiyo. Kando ya kiwanja alisimama mtu aliyepiga mipira mingi langoni mbele ya umati mkubwa kuliko huo. Mguu wake ulijua kazi ile. Lakini mbele yake kulikuwa na mstari mweupe wa chokaa, na sheria ilimkataza kuuvuka. Vijana walikwenda mmoja mmoja kupiga, naye akatazama. Yote aliyokuwa nayo ya kuwapa, alikuwa amekwisha kuwapa mazoezini.

Hivyo ndivyo Musa alivyosimama juu ya kilima kule Refidimu. Bondeni Yoshua alipigana na Waamaleki. Musa hakushuka na upanga. Aliinua mikono, na mikono ilipomwelemea, Haruni na Huri waliitegemeza mpaka jua lilipokuchwa. Je, kazi ya Musa ilikuwa ndogo kuliko ya Yoshua? Sivyo. Ila ilikuwa kazi ya mtu aliyekubali kwamba upanga sasa uko mkononi mwa mwingine.

Kukubali huko ni kugumu, na sisi tunaosema nanyi tumeshindwa. Katika usharika wetu alikuwapo kijana aliyetoka kupokea kipaimara. Aliomba asome somo katika sala ya jioni. Tulimpa kitabu. Akasoma kwa kusitasita, akaruka neno, akarudi nyuma. Watu wakaanza kutazamana. Nasi, badala ya kungoja, tulinyosha mkono tukakichukua kile kitabu tukamalizia wenyewe, kwa sauti nzuri. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata.

Baada ya miezi mitatu tulikwenda kumtafuta nyumbani kwao. Tulimwomba radhi. Alitukaribisha chai kwa heshima, kisha akasema, "Kasisi, zilikuwa zimebaki aya mbili tu."

Aya mbili tu! Sisi tuliovuka mstari tuliona tunaliokoa neno la Mungu lisiharibiwe. Kumbe tulikuwa tunaokoa sifa yetu. Kijana huyo amerudi kanisani, lakini hukaa benchi la nyuma, na kusoma bado hajakubali. Tunamngoja na kumwombea.

Baba msikilizaji, huenda nawe una mwana unayemfanyia kila jambo kwa kuwa wewe walifanya vizuri zaidi. Mama, huenda u kiongozi wa akina mama kwa miaka mingi, na binti anayeweza kukupokea hajapewa hata kufungua mkutano kwa maombi. Mzee wa kanisa, funguo za sanduku umezishika tangu lini? Mtoto asiyeruhusiwa kukosea hatajifunza. Na siku ya penalti itafika, tena sisi hatutakuwapo.

Tumwangalie Bwana wetu. Pale palipokuwa na kazi tusiyoiweza, yaani kuziondoa dhambi zetu, hakukaa mbali akitupigia kelele. Aliingia mwenyewe, akapigwa, akafa, akafufuka. Lakini kazi ya kuhubiri aliwaachia watu waliokuwa wamekwisha kumkimbia usiku ule. Alijua udhaifu wa Petro, akamkabidhi kondoo hata hivyo. Kisha akapaa, akawapeleka Roho Mtakatifu ili wasiwe peke yao.

Wiki hii basi, kila mmoja wetu atafute kijana mmoja, ampe kazi moja iliyo ya kweli. Akisitasita, tuifunge mikono yetu nyuma, na mioyo yetu tuiinue kwa Mungu.

Tuombe. Ee Bwana, ulitupa nguvu kwa msimu, nawe wajua msimu wake unapokwisha. Utusamehe kwa kila kitabu tulichokipokonya. Utupe uvumilivu wa kungoja aya mbili zilizobaki, na utegemeze mikono yetu ichokapo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.