Niache Kazi au Nikae?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Thika na Ruiru)



Mwezi huu alinijia dada mmoja anayemtunza mzee mwenye kiharusi katika nyumba moja ya Ruiru. Ana majuma 7 tu kazini. Aliandikwa kumlisha mzee, kumwogesha na kumgeuza kitandani. Sasa anafua nguo za watu 6, anapika, analala chini kando ya kitanda cha mgonjwa, na kila usiku huamka mara 3 au 4. Jumapili hana. Alipoomba glavu aliambiwa anunue zake. Mgongo wamuuma. Akaniuliza: "Mama, niache kazi au nikae?"

Wengi wenu mtasema, "Aache leo leo!" Ni rahisi kusema hapa. Lakini mtoto wake yuko kwa nyanya yake huko Makongeni, na mshahara huu ndio unaowalisha. Tena aliniambia kwa machozi: "Nikitoka, nani atamgeuza mzee? Wenyewe hurudi usiku." Ndugu zangu, huruma hiyo ndiyo kamba wanayofungwa nayo wafanyakazi wa kutunza watu. Sisi wa viwandani tukiweka kazi chini, mashine hailii.

Basi tuitazame sheria kwanza, kisha tuamue.

Tajiri alimwambia kwamba yuko kwenye majaribio, kwa hiyo hana haki. Si kweli. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, majaribio lazima yaandikwe katika mkataba, yasizidi miezi 6 ila mfanyakazi akikubali kuongezewa, na notisi yake ni siku 7. Dada huyu hakupewa karatasi yoyote. Basi hayumo majaribioni. Analipwa kwa mwezi, na notisi yake ni siku 28 kwa maandishi. Siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7 ni haki yake. Glavu ni juu ya tajiri.

Shauri nililompa ni hili.

Kwanza, asitoroke usiku. Akitoroka atampa tajiri sababu ya kumfukuza na kudai fedha za notisi, na mzee ataachwa peke yake.

Pili, aandike katika daftari kila siku: tarehe, saa za kazi, na kazi aliyofanya.

Tatu, aketi na tajiri wake kwa adabu, ataje mambo 3 tu: siku ya kupumzika, glavu, na mtu wa kumsaidia kumwinua mzee. Angoje jibu siku 14.

Nne, akikataliwa, atoe notisi kwa maandishi na abaki na nakala. Jamaa watakuwa na siku 28 za kutafuta mtu mwingine. Zikiisha, mzee ni juu ya watoto wake, si juu ya dada huyu.

Tano, adai mshahara wa siku zote alizofanya, na cheti cha kazi, maana amepita majuma 4. Akinyimwa, aje chamani, twende naye Ofisi ya Leba. Asikawie, dai lina mwisho wa miaka 3.

Lakini mahali pa kupigwa au kushikwa vibaya, hakuna kungoja siku 28. Toka kwanza, kisha nenda polisi.

Dada huyu alisema na tajiri wake Jumamosi iliyopita. Glavu amepata. Mambo mengine mawili bado, na siku 14 hazijaisha. Leo ni Jumapili, naye hayupo hapa. Mwajua kwa nini.

Kila mmoja wenu anamjua mfanyakazi kama huyu, Githurai, Ruiru au Thika. Mpelekeeni maneno haya. Mwambieni pia kwamba KUDHEIHA huandikisha wafanyakazi wa nyumbani na wa hospitali. Asiamue peke yake jikoni.

Umoja ni nguvu.