Umri, Mwili na Kipaji: Kocha wa Vijana Kigoma Atazame Nini Zaidi ya Mabao

Mada niliyopewa ni vigezo vya kuteua wachezaji chipukizi mbali na takwimu. Ufafanuzi nitaupita haraka kwa kuwa wote tunaufahamu. Takwimu ni mabao, pasi za mwisho na kasi ya mbio. Zaidi ya hapo kocha hutazama mguso wa kwanza, kama mtoto anageuza shingo kabla mpira haujamfikia, anafanya nini akinyang'anywa, na kama kosa aliloelekezwa jana analirudia leo. Haya yanafundishwa katika kila kozi. Lakini siku ya uteuzi tunamchukua aliyefunga mengi, na hapo ndipo ninapoomba tukae.

Mabao ya mtoto wa miaka 13 hupima mwili kabla ya kupima kipaji. Wawili waliozaliwa mwaka mmoja huweza kupishana kubalehe kwa miaka kadhaa, na aliyetangulia humpita mwenzake kwa mapaja na pumzi tu. Utafiti uliochapishwa Canada mwaka 1985 kuhusu hoki ya barafu ulionyesha kwamba waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walijaa katika timu za juu, kwa kuwa umri ulihesabiwa kuanzia Januari. Ikiwa miezi inapotosha hivyo mahali ambapo tarehe hazina utata, itakuwaje kwetu, ambako watoto wengi hawakuandikishwa walipozaliwa na cheti hutafutwa kinapohitajika? Mwaka 2011 watoto wa besiboli kutoka Kampala walishinda kanda yao wakanyimwa viza ya Marekani kwa sababu ya utata wa nyaraka za umri. Mwaka 2017 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walikwenda fainali za Afrika za vijana Gabon baada ya Congo Brazzaville kuondolewa kwa kutomfikisha mchezaji wao kwenye kipimo cha umri. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Basi tujipime na sisi kwa kanuni hiyohiyo. Picha ya MRI ya kifundo cha mkono ya kupimia umri, ambayo FIFA ilianza kuitumia mwaka 2009, haitafika kwenye majaribio ya kata, kwa hiyo mzigo unabaki kwenye jicho la kocha na daftari lake.

Jicho hilo nalo lina kosa lake hapa ziwani. Mtoto wa Kibirizi au Katonga aliyekesha kwenye dagaa, au aliyeamka alfajiri kuwaanika, hawezi kukimbia saa nne kama aliyelala. Mitumbwi hutoka wakati wa giza, yaani usiku usio na mwezi, na kupumzika wakati wa mbalamwezi. Anayepanga majaribio ya siku moja katikati ya giza amewatoa watoto wa mwaloni kabla hajawaona.

Wapo wanaosema nambari hazina undugu, lakini jicho linao. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Hata hivyo, nambari nazo zina upendeleo, kwani humpendelea aliyewahi kukua. Na dawa ya undugu ni kuwa na wateuzi watatu wanaoandika maoni yao kabla ya kuzungumza. Wengine husema wakubwa wanataka kombe la mwaka huu. Lakini mkoa ambao Mashujaa FC yake ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24, ikaitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa penalti kwenye uwanja wa Lake Tanganyika Aprili 2024, unahitaji vijana watakaocheza wakifika miaka 20.

Kwa heshima zote kwa mamlaka husika, napendekeza majaribio yafanyike mara mbili, wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi. Urefu wa mtoto, akiwa amesimama na akiwa ameketi, upimwe kila baada ya miezi mitatu na uandikwe, ili anayerefuka haraka asihesabiwe kuwa ndiye mwenye kipaji. Waliochelewa kukua watengewe nafasi katika kila kikosi. Wateuzi wawe watatu, kama nilivyosema. Daftari limfuate mtoto anapohama shule. Shule zishirikiane mapema na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, wala si wiki ya mashindano. Kocha asipimwe kwa vikombe vya watoto. La mwisho limesemwa katika semina nyingi bila kutekelezwa: umri uhakikiwe kabla ya orodha ya majina kupelekwa wilayani, na kocha anayepeleka umri wa uongo asimamishwe hata kama timu yake imeshinda.