Ngeli Nyuma ya Kitufe: Kiswahili katika Violesura vya Kompyuta



Sisi wanasarufi tumezoea kutofautisha sentensi ya amri na sentensi ya taarifa. Waundaji wa programu za kompyuta nao wana mgawanyo wa namna hiyo. Kwa mtindo wa amri, mtunzi huiagiza mashine hatua kwa hatua: chora dirisha, weka kitufe, andika neno. Kwa mtindo wa taarifa, hueleza hali inayotakiwa iwepo, na mashine hutafuta njia ya kuifikia. Mfano wa mtindo huu wa pili ni QML, lugha iliyoletwa mwaka 2010 pamoja na toleo la 4.7 la Qt, mfumo ulioanzia Norway katika miaka ya 1990. Maelezo yaleyale ya kiolesura huweza kutumika katika Windows, Linux na macOS.

Mtindo huu una manufaa kwa lugha yetu. Mtunzi aweza kutamka kwamba upana wa kitufe utokane na upana wa maandishi yake. Yakiingizwa maneno "Hifadhi kwa jina jingine", kitufe hutanuka. Kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza kingeyakata.

Hata hivyo, tatizo kubwa si upana, bali ni upatanisho wa kisarufi. Wakati fulani mimi na wanafunzi wangu tulikabidhiwa kazi ya kufasiri programu ya maktaba. Tuliletewa orodha ya maneno pweke, bila sentensi zake. Kwa neno moja la Kiingereza tuliandika "imefutwa", tukaridhika. Programu ilipoendeshwa, ikatuandikia: "Vitabu 3 imefutwa." Mashine haikukosea. Mtunzi aliikata sentensi vipande, nasi tukakubali kufasiri kipande tusichojua kitashonwa wapi.

Kiingereza huvumilia ukataji huo, kwani kitenzi chake hakibadiliki kwa kufuata aina ya nomino. Kwetu sisi, kitabu kimefutwa, vitabu vimefutwa. Ukurasa umefutwa, kurasa zimefutwa. Jina limefutwa, majina yamefutwa.

Huenda nikajibiwa kwamba Qt humpa mfasiri nafasi ya umoja na ya wingi. Ni kweli, na ni msaada mkubwa. Lakini idadi si ngeli. Mashine ikishajua kuwa vitu ni 3, bado haijui kama itumie vi-, zi- au ya-. Tiba yake ni nyepesi: mtunzi aandike sentensi nzima kwa kila nomino, na aambatanishe maelezo yatakayomwonesha mfasiri mahali itakapotokea.

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ukathibitisha kwamba msamiati wa kompyuta si kikwazo. Kazi iliyobaki ni ya sarufi, nayo ni yetu. Karani husoma kioo cha kompyuta kila siku kuliko asomavyo kitabu chochote cha sarufi. Tukikaa kimya, "vitabu imefutwa" itazoeleka machoni mwake, kisha masikioni mwa wanawe. Mwanaisimu na aketi na mtunzi wa programu kabla sentensi haijakatwa, si baada yake.