AKIBA YA MTU ANAYETAKA KUBADILI KAZI
(Maneno ya walimu wakimbizi yaliyosomwa Nakivale katika sikukuu ya Siku ya Wakimbizi Duniani)



Sisi walimu tumepewa nafasi ya kusema machache katika sikukuu hii ya tarehe 20 Juni. Zamani, katika nchi nyingi za bara letu, siku hii iliitwa Siku ya Wakimbizi wa Afrika. Tangu mwaka 2001 inaadhimishwa duniani kote. Kila mwaka tunaimba, tunacheza ngoma na kuwakumbuka waliobaki njiani. Mwaka huu Kamati imetuomba tuzungumze juu ya jambo la nyumbani, ambalo mtu akirudi kwake jioni ataweza kulifanya. Tumechagua akiba, hasa akiba ya mtu anayetaka kuacha kazi moja na kujifunza nyingine.

Tunajua wapo watakaouliza: "Mkimbizi ataweka nini, na chakula chenyewe hakitoshi?" Swali hilo ni la haki. Sote tunakumbuka yaliyopita. Mwezi wa Aprili 2020 posho ya chakula hapa Uganda ilishushwa hadi sehemu 70 katika mia. Mwezi wa Februari 2021 ikashuka tena hadi 60. Mwaka 2023 tukagawanywa katika makundi matatu, na wale wa kundi la tatu wakaondolewa kabisa katika orodha ya kupewa. Tangu hapo watu wengi wameanza kutafuta kazi nyingine, wengine kwa hiari, wengine kwa kusukumwa.

Hapo ndipo penye neno letu la leo. Kuna kubadili kazi, na kuna kubadilishwa kazi. Anayesukumwa na njaa hachagui. Anashika chochote kilicho karibu, na mwezi ujao anakiacha ashike kingine. Lakini aliyejiwekea kitu, hata kidogo, anaweza kusema: nitajifunza ushonaji, nitaanza mwezi fulani, nitamaliza mwezi fulani. Kwa hiyo akiba si jambo la matajiri. Ndiyo inayompa maskini nafasi ya kuchagua.

Ndugu zetu, hapa tulipo wengi tumekwisha kubadilishwa kazi. Mvuvi wa Ziwa Tanganyika sasa analima mahindi. Muuguzi anauza nyanya. Dereva anapanga matofali. Nasi walimu tuliosomea ualimu Kongo kwa Kifaransa tulikuta hapa masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Vyeti vyetu vinatakiwa kwanza kutafsiriwa, kisha kulinganishwa: vile vya sekondari katika Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, vya juu zaidi katika Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Tena Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 imeweka lengo kwamba kila mwalimu awe na shahada. Basi mwalimu mkimbizi ana njia mbili: kurudi masomoni, au kujifunza kazi nyingine. Zote mbili zinadai fedha.

Sheria haituzuii. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unazungumzia kazi ya mshahara katika kifungu cha 17, na kazi ya kujitegemea katika kifungu cha 18. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 nayo inampa mkimbizi haki ya kutafuta kazi na kufanya biashara. Wako wenzetu katika nchi nyingine wasiokuwa na ruhusa hiyo. Sisi tunayo, nayo isitupite.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana mwalimu bila ubao hawezi kusema. Watu wengi wanaotaka kujifunza kazi huuliza ada peke yake. Wakiipata, wanafurahi na kuanza. Baada ya miezi miwili nyumbani hakuna unga, wanaacha. Au wanamaliza, wanapata cheti, lakini hawana chombo cha kufanyia kazi, na cheti kinakaa sandukuni. Tunashauri hesabu iwe na mafungu matatu: la kwanza, ada na vifaa vya kujifunzia, la pili, chakula cha nyumbani kwa miezi yote ya mafunzo, la tatu, vyombo vya kazi pamoja na miezi ya mwanzo kabla wateja hawajakujua.

Tuchukue mfano wa mtu anayejifunza kushona kwa miezi sita. Bei hizi ni za ubaoni tu. Kila mmoja akaulize za kweli. Ada na vitambaa, shilingi 300,000. Nyongeza ya chakula, 60,000 kila mwezi, kwa miezi sita ni 360,000. Cherehani iliyotumika, 400,000. Kibanda, nyuzi na sindano kwa mwanzo, 140,000. Jumla ni shilingi 1,200,000. Mnaona? Yule aliyekuwa na ada peke yake alikuwa na robo tu ya safari.

Kama mtu mmoja anaweka shilingi 6,000 kila wiki, kwa mwaka atapata 312,000. Atahitaji karibu miaka minne, naye atakata tamaa. Lakini mume na mke wakiweka 6,000 kila mmoja, na wakakubaliana kuanza na cherehani ya kukodi, wanahitaji 800,000 pamoja na kodi ya cherehani. Hizo 800,000 watazifikia kwa wiki 67, yaani mwaka mmoja na miezi mitatu na kitu. Hiyo ni tarehe mtu anayoweza kuiandika ukutani na kuingoja.

Shilingi 6,000 zitatoka wapi? Hatusemi zitatoka kwa kila mtu. Ziko nyumba ambazo leo hazina hata shilingi mia, na hizo ni za kusaidiwa, si za kuhubiriwa. Lakini kwa wengine wetu fedha zinapita mikononi bila kuonekana. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na wakasema pia haba na haba hujaza kibaba. Kidogo ndicho kinachomaliza, na kidogo ndicho kinachojaza.

Kwanza, tuangalie namna tunavyonunua. Anayenunua sabuni kwa kipande analipa zaidi ya anayenunua mche mzima. Ndivyo yalivyo mafuta ya kupimiwa kwenye chupa ndogo, na sukari ya vijikaratasi. Nyumba nne zikichanga na kununua dumu moja la mafuta, kila moja inapata mafuta mengi zaidi kwa fedha zile zile.

Pili, jikoni. Maharage yakilowekwa usiku kucha, na chungu kikifunikwa, kuni zinapungua sana. Kuni ni fedha, na kwa mama na binti ni saa za kutembea porini.

Tatu, simu. Kuichaji dukani kila siku, vocha za kila mara, na kutoa fedha kwenye simu kidogo kidogo. Tangu mwaka 2018 serikali ilipoweka kodi ya nusu ya sehemu moja katika mia kwa fedha zinazotolewa, juu ya malipo ya kampuni, anayetoa mara tano analipa kampuni mara tano.

Nne, deni la dukani. Anayechukua bidhaa kwa mkopo na kuweka kadi yake ya posho kama rehani, mara nyingi anauziwa kwa bei ya juu. Mtu huyo amekula chakula cha mwezi ujao, tena kwa hasara. Kazi ya kwanza ya akiba ni kumtoa katika deni hilo.

Tano, tuseme bila kuogopana: michango ya sherehe. Msiba hatuugusi, maana msiba ni wa wote. Lakini sare za harusi na soda za kushindana zinaweza kupungua, na ndoa isipungue chochote.

Pamoja na hayo tunawaonya: kubana matumizi si kubana watoto. Chakula cha mtoto mdogo na cha mama mjamzito kisiguswe. Dawa isiguswe. Daftari la shule lisiguswe. Mbegu za kupanda zisiuzwe. Akiba iliyotoka katika sahani ya mtoto itarudi hospitali, na itarudi na riba. Mtu akiona hawezi kuweka 6,000 bila kugusa hayo, aweke 1,000, na tarehe yake isogee mbele.

Kuhusu mahali pa kuweka, godoro si benki. Fedha zilizo nyumbani zina ndugu wengi, na moto wa nyumba ya nyasi haujui akiba. Wazee wetu wa Kongo walikuwa na likelemba: watu wanachanga, mmoja anachukua, kisha zamu ya mwingine. Likelemba ni nzuri kwa kununua kitu kimoja kikubwa. Lakini kwa kubadili kazi tunasifu zaidi vikundi vya kuweka na kukopa. Utaratibu huo ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa Maradi waliosaidiwa na shirika la CARE, na leo umeenea katika nchi nyingi. Wanachama hawazidi thelathini. Kila mkutano mtu ananunua hisa, moja hadi tano. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote na kuwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, na sanduku kwa mtu wa nne. Kuna mfuko mdogo wa maafa kwa ugonjwa na msiba, ili mtu akipatwa asivunje akiba yake. Mwisho wa mzunguko, ambao kwa kawaida hauzidi mwaka mmoja, wanagawana kila mtu kwa hisa zake pamoja na faida ya mikopo.

Hapa tuna shauri moja. Vikundi vingi hugawana mwezi wa Desemba. Mwezi huo una Noeli, na masomo mengi huanza Februari. Katikati hapo fedha zinayeyuka. Wanaoweka kwa ajili ya mafunzo waunde kikundi chao, na mgawo wao uwe wiki ya kulipa ada. Fedha itoke sandukuni na kwenda moja kwa moja darasani.

Neno moja kwa akina baba. Tumeona nyumba ambazo anayebana matumizi ni mama, anayeweka hisa ni mama, na anayekwenda kujifunza kazi ni baba, bila mama kuulizwa. Hesabu ya kubadili kazi ifanywe na watu wawili wameketi. Wajiulize ni nani kati yao akijifunza kwanza nyumba itapata nafuu haraka. Pengine jibu ni mama. Na aliyeanza, akipata, amsomeshe mwenzake. Hilo liandikwe siku ya kwanza, mbele ya shahidi.

Neno kwa walimu wenzetu. Wengi wetu tulifundishwa na watu waliolipwa na wazazi, tangu serikali ya Zaire iliposhindwa kulipa mishahara katika miaka ya 1992 na 1993. Walimu wale walilima asubuhi na kufundisha mchana, na hawakututupa. Leo mwalimu akitaka kuacha ubao, hatumwiti msaliti. Tunamwomba kitu kimoja: aondoke mwisho wa muhula, baada ya mitihani, na daftari la alama amkabidhi mwenzake. Mwenye akiba anaweza kungoja wiki hizo. Asiye na akiba anaondoka katikati, na asubuhi watoto wanakuta darasa halina mtu. Hivyo akiba ya mwalimu inawalinda na watoto wasio wake.

Na kwa wageni wetu wa mashirika, tunawashukuru kwa kazi yenu, na tunawaomba mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. Tangazo la mafunzo likibandikwa wiki moja tu kabla ya kuanza, linawapata wale tu wasio na cha kupanga. Tupeni kalenda miezi sita mapema. Tena andikeni katika tangazo gharama zote ambazo mwanafunzi atabeba mwenyewe: nauli, sare, vifaa, mtihani. Mtu akijua, ataweka.

Bwana Mwenyekiti, hatukuja kusema kwamba akiba itamaliza ukimbizi. Haitarudisha mashamba yetu wala nyumba zetu. Lakini mtu anaweza kukimbia vita akaacha kila kitu, na kazi aliyoijua vizuri ikavuka mpaka pamoja naye. Kazi hiyo itafaa hapa, itafaa siku ya kurudi nyumbani, na itafaa mahali pengine popote tutakapopelekwa. Anayetaka kuanza asingoje mwaka mpya. Leo jioni, baada ya ngoma, aketi na mwenzake, wachukue ukurasa wa daftari, waandike mafungu matatu na tarehe moja. Ambaye hajui kuandika aje shuleni Jumamosi; tutamwandikia bure.