Redio 20, upatu mmoja

Leo nakuletea habari za upatu. Sisemi ule wa kina mama wa kuchangishana fedha kila mwisho wa mwezi, ingawa nao nitaugusa. Nasema upatu wa shaba, ule unaogongwa ngomani.

Huko Ufilipino patu zina wenyewe. Kusini, kisiwani Mindanao, watu wa Maguindanao hupanga patu ndogo nane kwa safu, mpigaji akazigonga kwa vijiti viwili. Hiyo huitwa kulintang. Pembeni yake huning'inia agung, upatu mkubwa wa sauti nzito. Kaskazini, milimani Luzon, Wakalinga wana gangsa, patu bapa. Kila mtu hushika wake mmoja na kupiga mdundo wake mmoja. Ukimsikiliza peke yake utasema huyu hajui ngoma. Wakikamilika, wimbo unazuka katikati yao, wala hakuna awezaye kusema ni wangu.

Jambo hilo lilimshika José Maceda, aliyezaliwa 1917 na kusomea piano Paris. Alibeba kinasa sauti akaingia vijijini. Mwaka 1971, mjini Manila, aliwapa watu 100 redio kaseti, kila mmoja na kanda yake ya sauti za ala na za watu, wakazunguka nazo ukumbini.

Kubwa zaidi ni Ugnayan. Alirekodi kanda 20 tofauti: patu, zeze za mwanzi, filimbi, mbao za kugonga. Tarehe 1 Januari 1974 vituo 20 vya redio vya Manila vilizirusha kwa pamoja, dakika 51, kila kituo na kanda yake. Watu waliitwa watoke na redio zao za mkononi, wakutane viwanjani, huyu kafungua kituo hiki, yule kile. Aliyebaki chumbani na redio moja alipata kipande tu. Ni kama upatu wa kina mama: fungu lako peke yako si kitu.

Sasa mimi ni mtu wa redio, na swali langu ni la kikazi. Nani huyo anayeweza kuviambia vituo 20 viache vipindi vyao kwa dakika 51? Ufilipino ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi tangu Septemba 1972, na Imelda Marcos, mke wa rais, ndiye aliyeibeba shughuli hiyo. Muziki usio na mkubwa ulihitaji mkono wa mkubwa ili usikike! Simlaumu mzee wa watu, aliyefariki 2004. Ila kila nikiisikiliza Ugnayan, ule mkono nausikia nao.

Kanda alizokusanya vijijini ziliingizwa na UNESCO katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2007. Habari hiyo ilinichoma, nami nitasema kwa nini. Nilipokuwa kijana kazini, kituo fulani kilinituma nifute kanda za zamani za ngoma, tupate pa kurekodia matangazo ya sabuni. Yalikuwa maboksi matatu. Kila kasha liliandikwa kwa penseli jina la kijiji na la mpigaji. Nilizifuta zote kwa mchana mmoja, wala sikusikiliza hata moja.